Nani Kasema Hatuna Kesho?

Chumbageni ni mahali pa kuulizwa maswali. Mkristo wa hapa Tanga mjini amepakana na Mwislamu ukuta kwa ukuta. Wanaalikana harusini, wanazikana, na mhadhara wa kulinganisha dini ukifungiwa spika jioni haumbagui msikilizaji. Kuna pia makanisa mapya yenye mikesha yao, kuna simu zilizojaa mahubiri ya kila nchi, na kuna vijana waliogusa falsafa kidogo chuoni wakarudi nyumbani na maneno mazito. Kwa hiyo swali la Mungu na wakati, ambalo kwingine hulala vitabuni, huku linafika barazani. Je, Mungu yumo ndani ya wakati au yuko nje yake? Kama anaijua kesho, sisi tunaomba nini? Kama Yesu hakuijua saa, aliwezaje kuwa Mungu?

Majibu mengi yanayotolewa ni ya haraka, na mengine yamekwisha kuua watu. Nitayapima yale yanayorudiwa mno, moja baada ya jingine. Sitayapa nafasi sawa, kwa kuwa hayalingani uzito.

"Mungu asiye na wakati ni wa Wagiriki. Biblia haimjui."

Dai hili lina wazee wake. Adolf von Harnack, mwanahistoria Mjerumani, alianza mwaka 1886 kuchapisha kazi kubwa iliyoshikilia kwamba mafundisho rasmi ya Kanisa yalifinyangwa na fikra za Kigiriki. Mwaka 1946 Oscar Cullmann akaongeza yake katika kitabu kuhusu Kristo na wakati: Waebrania waliuona wakati kama mstari ulionyooka, Wagiriki kama duara. Tangu hapo mchoro huo wa mstari na duara umekuwa ukichorwa kwenye mbao za vyuo vya theolojia kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa.

Halijaamuliwa. Mwaka 1962 James Barr aliichambua hoja hiyo na kuonyesha kwamba huwezi kuchukua msamiati wa taifa ukatoa humo falsafa yake ya wakati. Na msomaji wa kawaida anaweza kumkumbuka Mhubiri wa Agano la Kale, ambaye jua lake linachomoza, linatua na kurudi lilikotoka, na upepo wake unazunguka. Huyo ni Mwebrania, na maneno yake ni ya duara.

Kwamba Wakristo walikopa kwa Wagiriki ni kweli, wala sioni aibu. Plato alifundisha kwamba wakati ni sura ya umilele iliyo katika mwendo, na Plotino akalipanua wazo hilo. Lakini tazama mkopo ulivyotumika. Muumba wa Plato anakuta mata ipo tayari, anaipanga. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alisema hapakuwa na kitu chochote cha kupangwa: wakati wenyewe ni kiumbe, kama mawe na samaki. Ndiyo maana kwake swali la Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba halina pa kusimama. Ile "kabla" yenyewe iliumbwa.

Tazama pia mtaguso wa Nikea, mwaka 325. Ario wa Aleksandria alitaka kumlinda Mungu asiguswe na mabadiliko, hivyo akamfanya Mwana kiumbe wa juu kabisa, mpatanishi kati ya umilele na dunia. Hofu hiyo ya kumchanganya wa milele na mambo yapitayo ni hofu ambayo Mgiriki msomi angeielewa mara moja. Kanisa lilikataa. Likasema Mwana ni wa milele sawasawa na Baba, na huyohuyo ndiye aliyezaliwa na mwanamke. Imani inayosomwa hadi leo Jumapili inamtaja liwali mmoja wa Kirumi, Pontio Pilato, kwa jina lake. Mgiriki gani wa shule ya Plato angeliweka jina la mtumishi wa serikali katika maelezo ya Mungu wake?

"Mwafrika hana wakati ujao mrefu, kwa hiyo ufufuo na kurudi kwa Kristo ni mambo mageni kwake."

Mwenye dai hili si mtu wa kubezwa. John Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana, akapata udaktari wake Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1969 alichapisha kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilichosomwa duniani kote. Humo alisema wakati wa Mwafrika una pande mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa ni yanayotendeka na yaliyo karibu kutendeka, miezi michache mbele, haizidi miaka miwili hivi. Zamani ni bahari ambamo kila tukio huishia kuzama. Jambo ambalo halijatukia si wakati bado, kwa hiyo kesho ya mbali karibu haipo. Mwaka 1971 akaendelea na kitabu cha pili, kuhusu mafundisho ya nyakati za mwisho miongoni mwa Wakamba. Alieleza jinsi wamisionari wa Africa Inland Mission, waliofika Ukambani mwaka 1895, walivyohubiri mji wa mbinguni na ziwa la moto, na jinsi wasikilizaji walivyozishika picha hizo kama vitu vya kushikika vinavyokuja upesi.

Mbiti alikuwa na sababu njema. Aliona waumini wakiisubiri mbingu ya chakula na barabara za dhahabu huku wakisahau kwamba, katika Agano Jipya, mwisho umekwisha kuanza ndani ya Kristo, na unaonjwa sasa katika ubatizo na meza ya Bwana. Katika hilo namwunga mkono bila kusita. Alifariki mwaka 2019, na kabla ya hapo alikuwa amewatafsiria watu wake Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki. Mtu wa namna hiyo hakuwadharau Waafrika.

Hata hivyo dai lake halisimami. Ushahidi wake mkubwa ni vitenzi: Kikamba kina njeo tatu za wakati ujao, na hazifiki mbali. Lakini sarufi haipimi fikra. Kiebrania cha manabii hakina njeo kama zetu. Kitenzi chake huonyesha zaidi kama tendo limekamilika au halijakamilika, na kwa lugha hiyohiyo Isaya na Yeremia waliona mbali kuliko watu wengi. Kiingereza nacho hakina mnyambuliko wa wakati ujao, huazima kitenzi kisaidizi, na sijasikia mtu akisema Waingereza hawana kesho. Kwame Gyekye wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya fikra za Waakan, alimjibu Mbiti waziwazi: Waakan wanazungumza habari za siku za mbali sana zijazo, na makabila mawili ya Kenya ambayo Mbiti aliyategemea hayawezi kulisemea bara zima.

Kwetu pwani kuna la ziada. Mbiti aliazima majina kutoka lugha yetu, lakini hakuyaazima maisha ya wenye lugha. Nenda shamba lolote la Tanga umtazame mzee anayepanda mnazi. Anachagua nazi iliyokomaa, anailaza kivulini, nusu imefukiwa, hadi ichipue. Kisha anachimba shimo, anauhamishia mche, anauzungushia makuti ng'ombe asiufikie. Mnazi mrefu wa asili huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, halafu huzaa miongo na miongo. Mzee mwenye mvi anapofanya kazi hiyo hajipikii yeye mchuzi. Anajua kabisa kwamba atakayepanda kuangua ni mjukuu ambaye huenda hajazaliwa.

Au chukua jahazi. Biashara yote ya bahari hii iliendeshwa kwa kuamini pepo ambazo bado hazijavuma: kaskazi ya kuwaleta wageni kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ya kuwarudisha. Mali iliyokopeshwa leo ilitazamiwa kulipwa msimu mwingine, pengine mwaka mwingine. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 ulioanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi za siku, ili mkulima ajue lini atapanda na nahodha lini atweke tanga. Na leo nyumba moja ya Chumbageni inaendesha kalenda mbili au tatu bila kugongana: ya mwandamo kwa Ramadhani, ya Kizungu kwa ada ya shule, ya mvua kwa shamba la Muheza. Watu wale wale wanatazama sindano ya saa ikionyesha saba wanasema ni saa moja. Akili inayobeba hesabu hizo zote kwa pamoja haiwezi kuelezwa kuwa imenasa katika Sasa.

Kuhusu siku ya mwisho yenyewe, mtu wa pwani hakumsubiri mmisionari. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla ya hapo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alikuwa amekwisha kutunga Al-Inkishafi, utenzi unaouonya moyo juu ya mauti, magofu na hesabu ya akhera. Kiama, hukumu, pepo na jahanamu yalikuwa maneno ya kawaida kwenye madarasa ya Kurani ya pwani hii kwa karne nyingi. Mmisionari wa Kianglikana aliyehubiri ufufuo Magila au Tanga alikuta mlango uko wazi. Alilopaswa kueleza ni nani aliyefufuka na kwa nini. Habari ya kuwapo kwa siku hiyo ilikuwa imeshafika.

Najua jibu litakalokuja: "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Methali hiyo husemwa na mtu aliyefika kupambana, ngomani au mpirani, anayemtaka mpinzani wake aonyeshe alichonacho papo hapo. Kinywa kilekile kitakwambia kesho yake kwamba akiba haiozi.

Anayetaka mwanafikra wa kanda yetu aliyeushika wakati kwa uangalifu zaidi na amsome Alexis Kagame, padri wa Rwanda. Katika kazi yake ya mwaka 1956 aliona kwamba lugha ya Kinyarwanda inaweka mahali na wakati katika fungu moja la vilivyopo, na kwamba Mungu hawekwi katika fungu lolote, kwa sababu yeye ndiye anayevipa vyote kuwepo. Kagame alikuwa amesoma Roma, na Aristotle alikuwa mezani pake; hakuficha. Lakini alichokisema juu ya Mungu, mkulima wa milimani kwao angekikubali bila kupelekwa seminari.

"Aliye nje ya wakati hawezi kuzaliwa, kukua wala kutoijua saa. Basi ama Yesu si Mungu, ama Mungu anaishi ndani ya wakati kama sisi."

Hili ndilo gumu kuliko yote, na linatujia kutoka pande mbili. Kwenye mihadhara ya Tanga linakuja na aya mkononi, Marko 13:32, ambapo Yesu anasema habari ya siku ile hata Mwana haijui. Upande wa pili wako wanafalsafa Wakristo wa leo, kama Nicholas Wolterstorff, ambaye mwaka 1975 aliandika kwamba Mungu wa Biblia anatenda, anajibu, ana historia na watu wake. Hana mwanzo wala mwisho, lakini wakati anao.

Aya hiyo si silaha mpya. Wafuasi wa Ario waliitumia katika karne ya 4, na Athanasio wa Aleksandria akawajibu kwamba Mwana alisema hivyo kwa ubinadamu wake, kwa kuwa kutojua ni hali ya binadamu na yeye alikuwa binadamu kwelikweli. Jibu ni sahihi, lakini lina shimo. Mtu anayesema "mimi" ni mmoja. Vipi mmoja ajue na asijue?

Aliyelishughulikia swali hili kwa bidii kuliko wengi alilifanyia kazi hapahapa pwani. Frank Weston, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1871, alikuja Zanzibar mwaka 1898 na misheni ya UMCA, akawa mkuu wa chuo cha Kiungani. Mwaka 1907 alichapisha kitabu chake juu ya umwilisho, na mwaka uliofuata akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar, dayosisi iliyoenea hadi huku bara kwetu. Wakati huo Charles Gore na wenzake Uingereza walikuwa wakifundisha kwamba Mwana, alipofanyika mtu, aliyaweka kando baadhi ya maarifa yake ya kimungu. Weston aliona hatari. Kama Mwana aliyaacha ya mbinguni, ulimwengu ulishikiliwa na nani siku Mariamu alipokuwa akimbembeleza?

Akapendekeza njia nyingine. Mwana hakuacha kitu. Alijiwekea sheria ya kujizuia. Katika uhusiano wake na Baba na ulimwengu aliendelea kuwa kama alivyo tangu milele. Katika uhusiano mpya aliouanza tumboni mwa Mariamu, alikubali kujua na kutenda kile tu ambacho roho ya kibinadamu inaweza kubeba: cha kitoto alipokuwa mtoto, cha kijana alipokuwa kijana, na usiku wa Gethsemane kile anachoweza kubeba mtu mwenye hofu. Wa milele hakuingia katika wakati kwa kuupoteza umilele. Aliupokea wakati siku moja baada ya nyingine, kwa hiari yake, kwa upendo.

Sidai kwamba Weston amemaliza kila kitu. Namna mmoja anavyoishi uhusiano wa aina mbili kwa wakati mmoja bado inamshinda mtu kuieleza. Ila ameonyesha kwamba ile "ama hivi ama vile" ya mhadhara inaiacha njia ya tatu, na njia hiyo ndiyo Kanisa limekuwa likiifundisha. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924 Hegongo, karibu na Magila, wilaya ya Muheza, mwendo mfupi tu kutoka Chumbageni. Inaniuma nikisikia mahubiri ya redioni yakitafuta jibu la Marko 13 Marekani, wakati mtu aliyelishughulikia swali hilo alikaa nasi.

Kwa jirani yangu Mwislamu nina neno moja, kwa heshima. Simtaki akubali umwilisho. Namwomba akumbuke kwamba fumbo la neno la milele kuingia katika wakati limo pia nyumbani kwake. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alianza kuwatesa wanazuoni waliokataa kusema Kurani imeumbwa. Waash'ari, ambao wengi wa wanazuoni wa Kishafi wa pwani wanawafuata, walifikia kutenganisha maneno ya Mungu yaliyo ya tangu azali na sauti na herufi zinazosomwa leo. Waliofikiri kwa kina namna hiyo wanaweza kutuelewa tunapofikiri kwa kina, hata tusipokubaliana.

"Liandikwalo ndilo liwalo. Kama Mungu anaijua kesho, sala ni kazi bure."

Mwanafalsafa Boethius aliandika jibu lake akiwa kifungoni, karibu mwaka 524, akingoja kuuawa kwa amri ya mfalme Theodoriki. Mungu, alisema, hatabiri, anaona. Kwake yote yako mbele kwa pamoja, na kumwona mtu akitembea hakumlazimishi kutembea. Karne ya 13 Toma wa Akwino akaeleza kwa mfano wa aliye kileleni, anayeuona msafara mzima kwa mtazamo mmoja, huku aliye barabarani akimwona wa mbele yake tu.

Hapo lawama ya kulazimishwa inaondoka. Sala bado haijaelezwa, na wengi wanaomtaja Boethius huishia hapo. Toma alikwenda mbele: hatuombi ili kubadilisha alichopanga Mungu, tunaomba kwa sababu amepanga mambo mengine yaje kwa njia ya kuombwa. Mvua ikichelewa, Waislamu wa Tanga wanatoka kuswali swala ya kuomba mvua na Wakristo wanaitaja katika maombi ya Jumapili, na hakuna upande unaotupa jembe. Katika vitendo wote wawili wameshaelewa kwamba ujuzi wa Mungu hauchukui nafasi ya mikono yao.

"Sayansi imethibitisha kwamba Mungu yuko nje ya wakati."

Haikuthibitisha. Einstein alionyesha kwamba upimaji wa wakati unategemea mwendo na mvutano, hakumpima Mungu. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alipendekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza katika hali moja iliyosongamana sana. Papa Pius wa 12 alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba nadharia hiyo inathibitisha uumbaji, Lemaître mwenyewe hakufurahi. Alijua kwamba imani iliyofungwa kwenye nadharia ya leo itaburutwa nadharia hiyo ikibadilishwa.

"Siku moja kwa Bwana ni miaka elfu, basi tunaweza kupiga hesabu ya mwisho."

Waraka wa pili wa Petro unalitaja jambo hilo ili kuwapa watu subira. Wapiga hesabu wanaligeuza kuwa kanuni ya kuzidisha na kugawanya. Katika mwaka uleule wa 1844 Krapf alipofika Mombasa, maelfu ya wafuasi wa William Miller huko Marekani walikesha tarehe 22 Oktoba wakimngoja Kristo aliyehesabiwa. Hakuja, na waliokuwa wameacha mazao shambani walirudi wakakuta hasara.

Kwetu hesabu hizo zimekuwa na bei kubwa zaidi. Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi waliwaambia watu kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukiisha. Mwaka uliisha, dunia ikabaki, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, katika pwani yetu hii, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400. Ni ya watu waliohamia msituni kuukimbia ulimwengu waliohubiriwa kwamba unakwisha, na wengi wakafunga kula hadi kufa. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi.

Hapa hofu ya Mbiti inarudi na inastahili kusikilizwa: mwisho ukifundishwa kama tukio la wiki ijayo, watu huacha kuishi. Agostino naye aliwaambia wapiga hesabu wa siku zake, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, wavilegeze vidole vyao. Hakusema hivyo kwa kuwa haamini mwisho. Alisema hivyo kwa sababu saa ambayo Mwana, katika ubinadamu wake, alikubali kutoijua haiwezi kuwa mali ya mhubiri.

Kwa hiyo anapofika mtu Chumbageni na tarehe mfukoni, tusianze kubishana naye juu ya Danieli na Ufunuo. Tumuulize anawaambia nini waumini wake kuhusu ada ya shule ya muhula ujao, dawa za mgonjwa aliye nyumbani na mche wa mnazi uliopandwa jana. Na ajibu hayo kabla hajapewa spika.